Ushahidi wa tafiti mbele ya mgonjwa wa meno

Swali: Ninasimamia wanafunzi wa udaktari wa meno wanaokuja Mombasa kwa mafunzo ya vitendo. Darasani wanachambua makala za utafiti vizuri, lakini wakikabiliwa na mgonjwa huiga tu walivyoona wakubwa wao wakifanya. Nianzie wapi?

Jibu: Daktari mwenzangu, anzia kwa mgonjwa, makala ifuate. Chukua mama aliyevuka feri alfajiri kutoka Likoni: shavu halikuvimba, homa hana, ila gego la chini limemkosesha usingizi siku tatu, na mkononi ameshika vidonge vya amoksilini, yaani antibiotiki, alivyouziwa duka la dawa, naye anaomba aongezewe. Mwanafunzi akishika kalamu kumwandikia, msimamishe hapo hapo, umtake aandike swali kwa sentensi moja: kwa mtu mzima ambaye kiini cha jino lake kimevimba kiasi cha kutopona, je, antibiotiki hupunguza maumivu kuliko kidonge kisicho na dawa? Sentensi hiyo imekwisha kutaja mgonjwa, tiba, kinacholinganishwa na matokeo, na kutafuta kunakuwa kwepesi.

Katika maktaba ya Cochrane, inayokusanya mapitio ya tafiti za tiba, atakuta mapitio yaliyotegemea jaribio moja tu la watu 40, ambamo waliopewa penisilini kwa siku 7 hawakupata nafuu ya maana kuliko wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hapa usiharakishe. Mwanafunzi atasema imethibitishwa kwamba dawa haifai, nawe usimkubalie, kwa sababu watu 40 ni wachache na waandishi wa mapitio wenyewe wanakiri kwamba uhakika wake ni mdogo. Muulize maumivu yanatoka wapi. Kiini kilichovimba kimebanwa ndani ya kuta ngumu za jino, na dawa ya kuua bakteria haiondoi mbano huo. Kinachouondoa ni kulifungua jino na kutoa kiini, au kuling'oa. Ushahidi mdogo unaokubaliana na tunavyoujua ugonjwa, ukijumlishwa na hatari ya kuzoesha bakteria dawa, unatosha kuamulia. Lakini uso ukivimba na homa ikapanda, swali limekuwa jingine, na jaribio lile halimhusu tena mgonjwa huyo.

David Sackett, daktari aliyekuwa mmoja wa waasisi wa tiba inayotegemea ushahidi, na wenzake waliandika mwaka 1996 kwamba ushahidi huunganishwa na ujuzi wa daktari na matakwa ya mgonjwa. Mama huyu huenda hana nauli ya kurudi mara mbili au tatu kutibiwa mzizi, akachagua kung'oa. Mwanafunzi asidhani kwamba hapo tafiti zimepuuzwa.

Mwishowe amweleze mama mwenyewe, wewe ukisikiliza: "Mama, dawa hii haiwezi kuondoa kinachokuuma, kwa kuwa kimebanwa ndani ya jino, tutakutia ganzi, tulifungue leo." Akishindwa kulisema hilo kwa Kiswahili chepesi, bado hajaielewa makala. Mgonjwa mmoja kwa wiki anatosha kuanzia, nawe utoe alama kwa swali aliloandika na kwa maelezo aliyompa mgonjwa, kama unavyotoa kwa jino lililozibwa vyema.