Hukumu Unayo, Mali Iko Wapi?

SWALI: Mimi ni wakili mwenye uzoefu wa miaka minne katika mashauri ya madai. Hivi karibuni ofisi yetu imepokea shauri la utapeli ambalo fedha zake zimepitia nchi tatu, nami nimevutiwa nalo kiasi cha kutaka kubobea katika urejeshaji wa mali. Wenzangu wananishauri nikasome kwanza uhasibu. Je, hapo ndipo pa kuanzia?

JIBU: Ndugu wakili msomi, uhasibu utakufaa, ila sijaona wengi wakikwama kwa kuukosa. Hukwama kwa sababu wamezoea kuiona hukumu kuwa ndiyo mwisho wa safari, ilhali katika kazi hii hukumu isiyo na mali ya kuikazia, yaani ya kukamatwa ili deni lilipwe, humwacha mteja alivyokuwa, tena akiwa na deni la gharama za mawakili. Kwa hiyo, kabla ya kufungua shauri, jiulize mali iko wapi, iko kwa jina la nani, na ni mahakama gani inayoweza kuifikia.

Nyenzo zipo. Mwaka 1975, katika shauri la Mareva, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikubali kumzuia mdaiwa asihamishe mali zake hata kabla ya hukumu, na siku hizi amri ya aina hiyo yaweza kugusa mali zilizo popote duniani. Miaka miwili kabla ya hapo, shauri la Norwich Pharmacal lilikuwa limeweka msingi kwamba mtu aliyeingizwa katika uovu wa mwingine, hata bila hatia yake, anaweza kuamriwa amtaje mhusika. Nchini Marekani, kifungu namba 1782 cha sheria za shirikisho humruhusu mwenye shauri katika mahakama ya kigeni kuomba ushahidi kupitia mahakama ya shirikisho, na kwa kuwa malipo mengi ya dola hupitia benki za New York, kifungu hicho hutumika sana kufuatilia miamala. Usikitegemee, hata hivyo, kwa usuluhishi wa kibiashara wa watu binafsi, unaoamuliwa nje ya mahakama. Mahakama ya Juu ya huko iliufunga mlango huo mwaka 2022.

Kinachopima wakili hasa ni hati ya kiapo. Maombi ya kuzuia mali kwa kawaida husikilizwa upande mmoja, mdaiwa akiwa hana habari, na kwa sababu hiyo unawajibika kumweleza jaji hata yale yanayomuumiza mteja wako. Nilipokuwa bado mchanga katika kazi, niliacha aya moja tu, iliyoeleza kwamba mteja wangu alikuwa amepokea sehemu ya fedha hizo na kukaa kimya kwa miezi kadhaa. Niliona ni jambo dogo. Wakili wa upande wa pili aliisoma barua husika mbele ya jaji, taratibu, neno kwa neno, na amri yetu ikafutwa asubuhi ile ile. Tuliporudi na maombi mapya, akaunti ilikuwa imekaushwa, na mteja alikuwa anadaiwa fidia kwa ahadi aliyoitoa mahakamani ili apewe amri ile ya kwanza.

Jizoeze pia kufanya kazi na mawakili wa nchi nyingine bila kuwaamuru. Amri ya Uingereza peke yake haiilazimishi benki iliyoko Ufaransa, ambako kuna utaratibu wao wa kukamata mali kwa tahadhari, nao huenda ukawa wa haraka kuliko wako.

Kwa sasa, omba ukabidhiwe taarifa za benki za jalada hilo, uandike mfululizo wa miamala kwa tarehe. Usikimbilie mamilioni, hayo huwa yamepitishwa makusudi katika kampuni hewa zenye wakurugenzi wa kukodi. Tafuta malipo madogo yanayojirudia kila mwaka, hasa ya bima. Mtu aweza kuificha nyumba chini ya jina la kampuni, lakini bado anaogopa isiungue.