Jibu: Nani alaumiwe watoto wakiacha sekondari?

Mkuu, umeuliza kati ya mzazi, mwalimu na serikali nani abebe lawama. Mimi lawama kubwa nampa aliyejenga shule ya kata akasahau bweni. Hapa Tanzania ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye shule za serikali ilifutwa tangu 2016, sawa, lakini binti wa jirani yetu alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri, giza totoro, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Bodaboda mmoja akaanza kumpa lifti, kisha chipsi. Mengine unayajua. Baba yake naye (simtetei) alikuwa anauliza habari za shule siku ya matokeo tu. Mwishoni mwa 2021 serikali ikaruhusu waliojifungua warudi darasani. Yeye hakurudi, mtoto angemwachia nani?