Mzee alisaini fomu ya utafiti, kisha akaambiwa hajafuzu. Kwa nini?

SWALI

Shikamoo daktari. Naandika kwa niaba ya baba yangu, ana miaka 66, tupo Morogoro. Ana COPD (ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa), na eko (kipimo cha picha ya moyo) ilionyesha moyo umetanuka na unasukuma damu kwa asilimia 38. Mwaka 2011 aliugua TB, akamaliza dozi. Sigara ameacha, zamani alivuta kama 8 kwa siku kwa miaka 25. Hospitali moja ya Dar ilimwalika kwenye utafiti wa dawa mpya ya kuvuta ya mapafu. Alisaini fomu, akaambiwa asitumie pampu asubuhi ya kipimo, akapulizishwa mashine hadi akaishiwa nguvu, kisha akatembezwa kwenye korido. Mwisho wakamwambia hajafuzu, labda aitwe tena baada ya wiki 6. Mzee anaamini wameona ugonjwa mkubwa wakamficha. Ni kweli? Mbona walimsainisha kama hafai? Na wakimwita tena tujiandaeje?

JIBU

Marahaba. Mpe mzee pole, na umtoe wasiwasi kwanza: kutofuzu maana yake ni kwamba kuna sharti moja au zaidi kwenye orodha ya utafiti ambalo hakulitimiza. Watafiti wakikuta jambo la hatari, mathalani uvimbe kwenye picha ya kifua au mapigo ya moyo yaliyovurugika, wanawajibika kumwambia na kumpa rufaa. Aombe nakala ya majibu ya uchunguzi wa awali (karatasi ya kupuliza, ECG yaani kipimo cha umeme wa moyo, damu) na sababu ya kutofuzu iandikwe. Ayapeleke kliniki yake ya kawaida. Hata kama hataingia kwenye utafiti wowote, hayo ni majibu ambayo wagonjwa wengi wa kifua hawajawahi kuyapata.

Kuhusu saini: sheria za utafiti haziruhusu kumtoa mtu damu, wala kumzuia asitumie pampu yake kwa saa kadhaa kwa ajili ya utafiti, kabla hajaridhia kwa maandishi. Kwa hiyo saini huja kwanza, vipimo vya kumchuja vinafuata, na kuingia hasa kwenye utafiti ni hatua ya tatu. Wanaoishia njiani ni wengi kila mahali. Kwenye PARADIGM-HF, utafiti mkubwa wa moyo uliotangazwa mwaka 2014, zaidi ya watu 10,500 walishavuka vipimo vya mwanzo wakaanza kujaribishwa dawa kwa wiki chache, na waliogawanywa rasmi kwenye makundi walikuwa 8,442.

Sasa tuje kwenye kupuliza, maana hapo ndipo tafiti za COPD huwaacha wengi. Mashine hupima vitu viwili: hewa inayotoka ndani ya sekunde ya kwanza, na hewa yote anayoweza kuitoa. Tuseme mtu ametoa lita 1.60 sekunde ya kwanza na lita 2.80 kwa jumla. Gawanya, unapata 0.57. COPD inathibitishwa uwiano huo ukiwa chini ya 0.70 baada ya kuvuta salbutamoli, kwa kawaida mikrogramu 400, yaani mibonyezo minne ya pampu kupitia spesa (chupa inayounganishwa na pampu), kisha kusubiri dakika 15 hadi 20. Mgonjwa ambaye uwiano wake unapanda na kuvuka 0.70 baada ya dawa huachwa, kwa sababu huenda tatizo lake ni pumu, na dawa inayojaribiwa si ya pumu.

Halafu wanaangalia ukali. Lita 1.60 zinalinganishwa na za mtu mwenye afya wa umri, jinsia na urefu wake. Kama anayetarajiwa angetoa lita 2.90, mgonjwa wetu yuko asilimia 55. Tafiti nyingi za dawa za kuvuta hutaka mgonjwa wa kati, kwa mfano kati ya asilimia 30 na 80, na kosa dogo kwenye urefu humsogeza mtu. Apimwe bila viatu, amesimama wima. Mzee aliyepinda mgongo apimwe upana wa mikono iliyonyooshwa. Jedwali la kulinganishia nalo lina uzito, na si watu wengi wanaolijua hili. Milinganyo ya 2012 ya GLI, kundi la kimataifa la wataalamu wa vipimo vya mapafu, ilikuwa na hesabu tofauti kwa watu weusi. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani, ATS, kilipendekeza milinganyo isiyogawa watu kwa asili, nayo humshusha mtu mweusi asilimia kadhaa ilhali pumzi yake ni ile ile. Muulizeni mtafiti anatumia ipi.

Kuhusu kupulizishwa mara nyingi hadi kuchoka: hawakumwonea. Zinahitajika pumzi tatu zinazokubalika, na mbili zilizo bora zisipishane zaidi ya mililita 150. Akitoa 1.60, 1.52 na 1.35, amepita, maana tofauti ya mbili za juu ni mililita 80. Akitoa 1.60, 1.41 na 1.30, tofauti ni 190, anarudia, na kwa kawaida ukomo ni mara nane. Zinazoharibu ni zile zile: kuanza kwa kusitasita, kikohozi ndani ya sekunde ya kwanza, midomo kuachia hewa pembeni, au kukata pumzi mapema kwa kudhani amemaliza. Avute hewa mpaka kifua kijae, alipue kwa nguvu bila kungoja, kisha aendelee kusukuma hata anapohisi hakuna kinachotoka, hadi fundi amwambie basi. Meno bandia yaliyokaa vizuri yabaki mdomoni, yanayocheza yatolewe.

Zile wiki 6 zinaashiria zaidi kwamba hali yake haikuwa imetulia. Tafiti nyingi za COPD humtaka mgonjwa asiwe amebanwa kifua kiasi cha kuhitaji vidonge vya steroidi, antibayotiki au kulazwa katika wiki 4 hadi 6 zilizopita. Mtu anayetoka kwenye shambulio hupanda mwenyewe wiki zinazofuata, na utafiti ungehesabu nafuu hiyo kuwa ni ya dawa. Kubadilishiwa dawa za moyo karibuni kunaleta kungoja kule kule. Kama mzee alimeza prednisoloni au alipewa antibayotiki ya kifua siku za karibuni, sababu mmeipata, na kurudi kwake kuna maana.

Yapo mawili ambayo kungoja hakuyaondoi. La kwanza ni TB. Makovu ya TB yanaweza kuziba njia za hewa hata kwa mtu asiyewahi kuvuta sigara, na tafiti nyingi zinazodhaminiwa na kampuni za dawa huwaacha wenye makovu makubwa kwenye picha ya kifua ili kundi liwe la ugonjwa wa aina moja. La pili ni hesabu ya sigara. Wanachukua sigara za siku, wanagawa kwa 20, wanazidisha kwa miaka. Kwa mzee: 8 kugawa kwa 20 mara 25 ni 10. Na 10 ndicho kiwango cha chini kinachotumika kwenye tafiti nyingi za COPD. Akikosea akasema miaka 20, anapata 8, yuko nje. Kaeni naye mapema mkumbuke alianza kazi gani, mwaka gani, akaacha lini. Asiongeze wala asipunguze.

Sharti hili la sigara linatuumiza sana huku kwetu. Mama aliyepikia kuni na mkaa jikoni kusiko na dirisha kwa miaka 30 anaweza kuwa na mapafu yaliyoziba sawasawa na ya mvutaji, lakini hesabu yake ni sifuri. Wanaotunga tafiti wanapaswa kuuweka moshi wa jikoni kwenye vigezo, na kliniki zinazopokea tafiti hizo zina nafasi ya kudai hivyo kabla ya kutia saini mkataba.

Halafu kuna moyo. Mtu mwenye mapafu na moyo mbovu kwa pamoja ndiye tunayemwona kliniki kila siku, ila kwenye utafiti ni mgumu. Akiishiwa pumzi, nani alaumiwe? Miguu ikivimba, ni moyo au ni mapafu yaliyouelemea upande wa kulia wa moyo? Kwa sababu hiyo tafiti za mapafu humkwepa mwenye moyo dhaifu, na za moyo humkwepa mwenye mapafu mabaya sana. Hiyo asilimia 38 peke yake inaweza kuwa ndiyo iliyomtoa.

Namba hiyo hiyo inaweza kumfungulia mlango mwingine. Tafiti za moyo ulioshindwa mara nyingi hutaka usukumaji wa asilimia 40 kushuka chini. DAPA-HF ya mwaka 2019, iliyochukua wagonjwa 4,744, ilitaka hivyo, pamoja na namba ya juu ya presha isiyopungua 95, figo zenye uchujaji usio chini ya 30, na kipimo cha damu cha NT-proBNP, ambacho hupanda moyo ukielemewa, kuanzia 600, au 400 kwa aliyelazwa kwa ajili ya moyo ndani ya miezi 12. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio ilimbidi afikishe 900, kwa sababu mapigo hayo hupandisha kipimo yenyewe. Unene nao hukishusha, hivyo mtu mnene anaweza kuonekana hana tatizo kubwa ilhali hawezi kupanda ngazi. Muulizeni daktari wa moyo kama upo utafiti wa moyo unaopokea watu.

Kuachwa nje kuna gharama, na mfano wake ni ugonjwa wa moyo wa rumatiki, yaani valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya rumatiki. Tafiti kubwa za dawa mpya za kuzuia damu kuganda ziliwaondoa wenye valvu ya mitro iliyobana sana, ambao wengi wako Afrika na Asia. Baadaye utafiti wa INVICTUS ukawachukua wagonjwa zaidi ya 4,500 wa rumatiki wenye mapigo yasiyo na mpangilio, katika nchi 24, ukilinganisha rivaroxabani, mojawapo ya dawa hizo mpya, na dawa za zamani kama warfarini. Matokeo yalitoka 2022: waliotumia dawa ya zamani walipata matukio machache zaidi, vifo vikiwemo. Wengi walitarajia kinyume. Bila wagonjwa wa kwetu kupimwa, tungeendelea kukisia.

Maandalizi sasa. Muda wa kuacha pampu kabla ya kupuliza, kwa idadi ya saa, hutegemea dawa: salbutamoli saa 4 hadi 6, ipratropiamu saa 12, formoteroli au salmeteroli saa 24, na zile za mara moja kwa siku kama tiotropiamu saa 36 hadi 48. Maagizo ya karatasi ya utafiti ndiyo ya kufuata. Dawa za moyo, za presha na vidonge vya kukojoa aendelee navyo kama kawaida. Vile vya kupunguza kasi ya moyo vikikatwa ghafla vinaweza kuleta balaa. Na akibanwa usiku wa kuamkia kipimo, avute pampu yake, kisha mpige simu mpangiwe siku nyingine. Hakuna utafiti unaostahili mtu akose pumzi kwa ajili yake.

Asivute moshi wala kufanya kazi nzito saa moja kabla, asivae mkanda uliokaza, ale kidogo. Kama anakohoa zaidi ya wiki mbili au anatoka jasho usiku, hasa akiwa ameshaugua TB, makohozi yapimwe kabla ya kupuliza mashine yoyote.

Kutembea kwenye korido ni dakika 6, na korido ya kawaida ina mita 30. Anaruhusiwa kusimama apumzike, ila saa haisimami. Aende na viatu anavyotembelea na fimbo yake kama anaitumia. Mara ya pili watu hufanya vizuri zaidi kwa kuzoea, kwa hiyo vipimo vizuri hurudiwa baada ya mapumziko ya nusu saa, na bora ndicho kinachoandikwa. Kwa akina mama wanaosoma hapa: piko au rangi nyeusi kwenye kucha huweza kuvuruga kifaa cha oksijeni cha kidole, acheni kidole kimoja wazi. Mzee abebe dawa zote ndani ya makopo na paketi zake, za mitishamba zikiwemo, pamoja na kadi ya TB ya 2011 kama ipo.

Kabla ya kusaini tena, soma fomu pamoja naye kwa Kiswahili. Utafiti wa dawa Tanzania Bara lazima uwe na kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Kenya, dawa hupitia Bodi ya Dawa na Sumu. Namba ya usajili mara nyingi huanza na PACTR (sajili ya tafiti ya Afrika), au NCT (sajili ya Marekani) ikifuatwa na tarakimu nane, na zote mnaweza kuzitafuta mtandaoni bure. Anayewadai ada ya kujiunga, ondokeni. Ulizeni nauli ya kutoka Morogoro inarudishwa vipi, bima inagharamia nini akidhurika, kama lipo kundi la dawa ya kulinganishia isiyo na tiba ndani yake na kundi hilo linaendelea na tiba gani, na kama dawa ikimfaa ataipata utafiti ukiisha. Anaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza matibabu yake ya kawaida.

Akifuzu, atapewa kadi ya mshiriki yenye jina la utafiti na namba ya simu ya saa 24. Ikae mfukoni mwake kila siku. Akizidiwa usiku mkiwa Morogoro, daktari wa zamu apige namba hiyo: hata kama mzee na watafiti wenyewe hawajui yuko kundi gani, upo utaratibu wa kufungua siri hiyo kwa dharura ili ijulikane ametumia dawa ipi.