Kabla hujaisifu kaboni yako, pima platinamu

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili nilikaribia kuandika jambo lisilo kweli, na sikuwa na nia ya kumdanganya mtu. Nakuandikia wewe unayeanza sasa kazi ya seli za mafuta, yaani vyombo vinavyogeuza mafuta kuwa umeme, zinazotumia methanoli au ethanoli (aina mbili za alkoholi) moja kwa moja, bila kuigeuza kwanza kuwa hidrojeni.

Kwenye anodi ya seli hizi, yaani ncha ambako mafuta hutoa elektroni, alkoholi huvunjwa na chembe ndogo mno za platinamu, mara nyingi zikiwa zimechanganywa na metali nyingine, rutheni. Kwa sababu platinamu ni ghali, tunaitawanya juu ya unga wa kaboni ili kila gramu ipate uso mpana wa kufanyia kazi. Unga uliozoeleka ni Vulcan XC-72. Unapitisha umeme vizuri, ila chembe hazina pa kujishikiza: zinatembea, zinakutana, zinaungana na kuwa kubwa, na uso unapungua. Ndipo watu wakaanza kutia nitrojeni ndani ya nanotyubu (mirija midogo mno ya kaboni) na grafini (karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja). Atomu ya nitrojeni ikikaa mahali pa atomu ya kaboni, elektroni za eneo hilo hazigawanyiki kama zamani, na platinamu inapata pa kung'ang'ania.

Nilitengeneza oksidi ya grafiti, ambayo ikichomwa huwa kama grafini, kwa njia ya Hummers ya mwaka 1958, kwa asidi ya sulfuriki na pamanganeti ya potasiamu. Hapo nakuomba uwe mwangalifu sana: pamanganeti inatiwa kidogo kidogo, chombo kikiwa kwenye barafu na joto lisizidi nyuzi 20, kwa sababu mchanganyiko ule ukipata moto unaweza kulipuka. Sehemu moja nikaichanganya na urea, inayoleta nitrojeni, na kuichoma kwa nyuzi 800 katika gesi ya agoni. Sehemu nyingine niliichoma vivyo hivyo bila urea. Zote mbili nikazitilia platinamu ya kutosha kufika asilimia 20 ya uzito.

Sampuli yenye nitrojeni ilitoa mkondo wa umeme karibu mara mbili ya mwenzake. Nilifurahi mno, nikaanza kuandika rasimu usiku uleule.

Fundi wa maabara, mzee aliyekuwa amekaa na vyombo vile miaka mingi, aliniuliza swali moja: "Mwanangu, platinamu uliyoitia imebaki yote?" Sikuwa nimepima. Tukachukua miligramu chache za kila sampuli tukazichoma hewani juu ya mizani, kaboni ikaondoka na metali ikabaki. Ile ya nitrojeni ilikuwa na asilimia 19. Ile nyingine ilikuwa na 11 tu, platinamu yake nyingine ilikuwa imepotea kwenye maji ya kuchujia. Nilipogawanya mkondo kwa uzito halisi wa platinamu, ile mara mbili ikayeyuka, tofauti ikabaki ndogo sana.

Hiyo haimaanishi kwamba nitrojeni haikufanya kitu. Ilikuwa imeshika platinamu, na hilo ni jambo la maana, lakini silo nililokuwa nimeliandika. Kwa hiyo choma sampuli zako zote, na uchome pia kaboni tupu isiyo na platinamu, kwa sababu manganizi iliyosalia kutoka kwenye pamanganeti huacha jivu linaloweza kuhesabiwa kama platinamu.

Jambo la pili ni vile vilele viwili vya mkondo kwenye grafu tunayoichora volti zikipandishwa kisha kushushwa: cha kwenda na cha kurudi. Makala nyingi hugawanya cha kwenda kwa cha kurudi na kusema uwiano mkubwa ni dalili kwamba kichocheo, yaani platinamu yetu, hakisumbuliwi na kaboni monoksidi, sumu inayong'ang'ania uso wake na kuuzuia kufanya kazi. Nami nilifundishwa hivyo. Kumbe kile cha kurudi nacho kinatokana na methanoli mpya, inayoanza kuvunjwa pale uso wa platinamu unapoachana na oksijeni iliyoufunika. Ukitaka kujua habari ya sumu hiyo, funika uso kwa kaboni monoksidi yenyewe, kisha pima ni volti ngapi zinahitajika kuiondoa. Halafu shikilia volti moja kwa saa nzima uone mkondo unashuka kiasi gani. Kwangu mimi, hapo ndipo nitrojeni ilipoonyesha faida yake.

Kama kazi yako ni ya ethanoli, usitarajie mengi mno kutoka kwa kibebeo, yaani kaboni inayobeba platinamu, peke yake. Molekuli moja ikichomwa hadi mwisho hutoa elektroni 12, lakini kifungo cha kaboni kwa kaboni ni kigumu kukatika na nyingi huishia kwenye asidi asetiki, baada ya elektroni 4 tu. Kukata kifungo kile ni kazi ya metali.

Na usiamini sampuli moja. Kwenye tanuri letu, kibakuli kikisogezwa kidogo kutoka katikati ya bomba, kiasi cha nitrojeni kilibadilika. Nilichoma tena mara tatu, siku tatu tofauti, nikiweka alama ya chaki mahali kibakuli kinapokaa, ndipo nikaifungua tena ile rasimu na kufuta kichwa chake.