Usilihifadhi neno la Kiingereza peke yake

Daftari langu la kwanza la Kiingereza lilikuwa na mstari katikati: kushoto neno, kulia maana yake. Neno moja, maana moja. Nikakariri kurasa nyingi, nikajiona nimeiva.

Kisha nikapata kazi ya ukarani wa mizigo ya dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza. Mnunuzi mmoja alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili. Mzani wetu uliharibika, nikamwandikia: "I will lend your scale tomorrow." Nilitaka kusema nitauazima mzani wake. Yeye akaelewa kwamba nitawaazima watu wengine mali yake bila ruhusa. Kulipokucha akaja amefura, akauchukua mzani wake, na siku ile magunia yetu yakalala bila kupimwa. Iliniuma sana, maana nia yangu ilikuwa safi.

Kosa lilianzia kwenye "kuazima". Kwetu mimi naazima kwako, na wewe unaniazima. Neno ni lilelile. Kiingereza kimetenganisha: anayechukua ana "borrow", anayetoa ana "lend". Kilichonisaidia ni kufikiria fedha, kwa sababu kukopa na kukopesha hakuna Mswahili anayevichanganya. Anayekopa ni "borrow". Anayekopesha ni "lend". Tangu hapo siandiki neno tupu, naandika sentensi nzima yenye watu ndani: "I borrowed a scale from Mama Neema."

Kwenye "rent" mambo yanageuka. Sisi tunatofautisha kupanga na kupangisha, wao wanatumia neno moja. Basi angalia kinachofuata: "rent from" ni mpangaji, "rent to" ni mwenye nyumba.

Na kusikia je? Sisi tunasikia baridi, njaa, hata harufu ya sangara akikaangwa. "Hear" ni ya masikio tu. Baridi ni "feel", harufu ni "smell".

Ila ninalokusihi zaidi ni saa. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, kwa hiyo saa mbili asubuhi ni "eight". Ukimwambia mgeni mkutane kwenye kivuko cha Kamanga "at two", anaweza kufika saa nane mchana, wewe ulishaondoka zamani. Ongeza au punguza sita kabla hujatamka, kisha malizia na wakati wenyewe, kama "in the morning", hata kama unaona haina haja.