Bushi za mbele za trekta zikilegea: pima pini kabla ya kwenda kununua vipuri Gerezani, Dar es Salaam

Mkuu, umesema Massey Ferguson 240 yako usukani unatetemeka ukiingia lami, fundi amekwambia bushi za ekseli ya mbele (vipande vya bomba ambamo pini huzungukia) zimekwisha, na unauliza kama bushi mpya pekee zitatosha. Kwangu hazikutosha.

Trekta langu liko Mkuranga, mimi naishi Mbagala. Mara ya kwanza nilinunua bushi nne, mbili kila upande, nikazipachika juu ya pini zilezile za zamani, yaani vile vyuma vya wima vinavyoshika magurudumu ya mbele na kuzunguka ukikata kona. Msimu mmoja tu, tairi zikaanza kucheza tena na barabara ya Kilwa ikawa ya kuogopa kila nikipishana na fuso.

Kwanza hakikisha tatizo ni bushi kweli. Nyanyua upande mmoja kwa jeki, shika tairi juu na chini, sukuma na vuta. Mwenzako aweke kidole pale pini inapoingia kwenye ekseli. Akihisi pini inatikisika humo ndani, ni bushi. Ikiwa pini imetulia na habu (kitovu cha gurudumu) ndiyo inayocheza, hizo ni beringi za gurudumu. Kisha shika tairi kushoto na kulia uangalie tairodi (fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu), maana nazo huleta mtetemo uleule.

Kufungua: trekta liwe kwenye gia, tairi za nyuma zizuiwe kwa mawe, ekseli ikae juu ya magogo magumu. Tafadhali usiingie chini ya trekta lililobebwa na jeki peke yake. Kwa kuwa ekseli hucheza katikati kama mizani, pigilia kabari za mbao pande zote mbili ili bodi isilale. Toa tairi, tia alama ya tindo kwenye mkono wa usukani na kichwa cha pini ili urudishe palepale, legeza boliti, toa mkono na kile kichuma kidogo (kii) kinachoufunga kwenye pini. Pini hushuka chini, nayo ni ndefu. Sisi hatukunyanyua zaidi, tulichimba shimo kwenye mchanga chini yake ikateremka taratibu.

Hapo ndipo pa kutulia. Futa grisi yote na upime pini kwa venia (kipimo cha unene cha milimita): sehemu ambayo haigusi bushi, kwa kuwa hiyo haijaliwa, halafu sehemu zinazogusa bushi ya juu na ya chini. Kila sehemu pima mara mbili, ya pili ukiwa umeizungusha robo, kwa sababu pini huliwa upande mmoja. Yangu ya kushoto ilikuwa imeliwa karibu milimita moja chini, na kwa macho ilionekana nzima! Bushi ya duara haiwezi kushika pini iliyogeuka umbo la yai. Nilibeba pini na bushi kuukuu hadi Gerezani, nikalinganisha mkononi kabla ya kulipa. Nilichukua pini mpya, na beringi za chini zinazobeba uzito.

Bushi kuukuu ikigoma, ikate kwa urefu na msumeno wa chuma, ila usiguse ekseli. Mpya ivute kwa boliti ndefu na washa nene, usiipige nyundo moja kwa moja. Tundu la bushi litazamane na nipeli (kichuchu cha kupigia grisi), la sivyo utapiga grisi na haitafika kwenye pini. Bushi ikibanwa hupungua kidogo ndani. Pini ikikataa kuingia, piga rima (kifaa cha kupanua tundu kidogo kidogo), usilazimishe.

Ukipiga grisi, nyanyua ekseli kwanza tairi zining'inie. Trekta likiwa limekaa chini, uzito hufunga ule upande unaohitaji grisi kuliko wote. Piga hadi ile chafu itoke na safi ionekane.

Ukishapima pini, weka vipimo hapa, juu na chini, nikwambie kama bado zinafaa.