Usiazime Saa za Tanuri la Mwenzako

Fundi mmoja wa Sakina, Arusha, ameniandikia kwa uchungu. Mbao zake za mgrevilea za inchi 2 zimetoka kwenye tanuri la kukaushia mbao zimenyooka, lakini akizipasua zinabana msumeno na kupinda. Saa za kukausha alizipata kwa mwenzake wa Moshi anayekausha inchi 1, akazizidisha mara 2.

Kaka, unene hauendi hivyo. Unyevu wa kiini una safari ndefu hadi usoni, kwa hiyo inchi 2 hutaka karibu mara 3 hadi 4 ya muda wa inchi 1.

Kupata saa zako mwenyewe, anza na mizani. Kata kipande cha sentimita 2, angalau sentimita 30 kutoka nchani, maana ncha hukauka mapema na itakudanganya. Kipime papo hapo, kisha kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito ugome kushuka. Gramu 84 zikibaki 52.5, zimetoka 31.5. Gawanya kwa 52.5: unyevu ni asilimia 60. Wengi hugawanya kwa 84, wanakosea.

Ubao ukishuka hadi asilimia 30 hivi, hesabu ya saa zilizobaki inakubali. Tuseme hewa ya tanuri inauvuta ubao kuelekea asilimia 8, na baada ya saa 24 umefika 24. Zilikuwa hatua (asilimia) 22 juu ya 8, zimebaki 16. Bonyeza ln (kitufe cha logi asilia) ya 16/22 kwenye kikokotoo, ondoa alama ya hasi, gawanya kwa 24: 0.0133 kwa saa. Kufika asilimia 12 zibaki hatua 4: gawanya ln ya 22/4 kwa 0.0133, yaani saa 128 hivi tangu 30. Ukibadilisha joto au unyevu wa hewa, pima upya.

Chunga pia utambi wa kipimajoto, kile kitambaa chenye maji kinachokuonyesha unyevu wa hewa ya tanuri. Ukiganda chumvi, maji hayavukizi vizuri, nacho kinasoma joto la juu. Unadhani hewa ina unyevu kumbe ni kavu, na uso wa ubao unakimbia kukauka kuliko kiini. Tumia maji ya mvua.

Na huko kubana msumeno? Chonga kipande kiwe uma wa meno mawili, ukiache chumbani siku nzima. Meno yakiinamiana kwa ndani, uso umekakamaa. Mwishoni mwa ukaushaji ingiza mvuke: kwa mgrevilea, hewa iwe ya kuuvuta ubao kuelekea unyevu ulio asilimia 4 juu ya lengo lako, kwa msindano 3. Kata uma mwingine. Meno yakisimama wima, zima moto.